Kikohozi cha fundi na karakana mpya: jibu kwa msomaji wa Lamu

*"Assalamu alaykum, mwalimu. Mimi ni mkaazi wa Amu, mji wa Lamu, na baada ya Maulidi nilifungua karakana ya useremala upande wa Langoni. Tunatengeneza milango ya kuchonga, vitanda na viti vya enzi, na mara nyingine tunarekebisha mashua. Nina mafundi wanne ninaowalipa kwa kipande na wanagenzi wawili, mmoja wao ana miaka kumi na sita. Mashine zangu ni tatu: msumeno wa duara, randa ya umeme na mashine ya kupigia msasa. Leseni ya kaunti nimelipa, na wafanyakazi wote wamejiandikisha SHA, bima ya afya ya taifa. Pia nimewatia saini karatasi inayosema kwamba atakayeumia ni juu yake mwenyewe. Sasa amenijia kijana anayesema ninavunja sheria za usalama kazini, na kwamba ataniletea vyeti vyote nikimtumia pesa kwa simu yake. Wenzangu wanasema sheria hizo ni za viwanda vya Mombasa. Nimebakiwa na shilingi 80,000. Nianze na nini? Na jambo dogo la mwisho: fundi mkubwa wangu, aliyekuwa rafiki wa marehemu baba, anakohoa usiku tangu tulete randa ya umeme, lakini akienda kwao Faza siku tatu nne huwa mzima. Nimemnunulia barakoa za hospitali. Zinatosha?"*

Wa alaykumu ssalamu, ndugu yangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wako. Umeuliza mengi kwa pamoja: kama sheria inakuhusu, kama ile karatasi inakulinda, kama umwamini kijana wa vyeti, na wapi zianzie shilingi zako 80,000. Yote nitayajibu. Lakini lile uliloliweka mwisho na kuliita dogo ndilo nitakalolitanguliza, kwa sababu mengine yanaweza kungoja siku kumi, na kifua cha fundi wako hakiwezi.

Kikohozi kinachomjia mtu siku za kazi, hata kama kinaanza usiku akiwa amelala kwake, kisha kikaondoka akikaa mbali na kazi kwa siku chache, ni dalili ambayo daktari wa afya ya kazini huiulizia kabla hajagusa kifaa chochote cha kupimia. Wewe umekwisha kulijibu swali hilo bila kuulizwa. Huenda watu wamemwambia kuwa ni utu uzima, au kwamba hewa ya kwao ndiyo inayomponya. Faza na Amu zina bahari moja na upepo mmoja. Kilichobadilika katika maisha ya mzee huyu ni vumbi la mbao.

Najua utashangaa, kwa kuwa yeye na baba yako walifanya kazi ya mbao miaka mingi bila kukohoa. Tofauti iko katika aina ya takataka ambayo kila chombo hutoa. Randa ya mkono hutoa maranda, yale mapindo mepesi yanayoanguka miguuni na kukaa hapo mpaka yafagiliwe. Patasi hutoa vibanzi. Randa ya umeme hutoa maranda pamoja na unga, na mashine ya msasa haitoi ila unga, tena unga ambao sehemu yake mbaya zaidi huioni kwa macho. Chembe kubwa hunaswa na pua, na mtu akazipenga. Chembe ndogo, zile zilizo chini ya sehemu moja ya mia ya milimita, hupita puani na kooni zikashuka kwenye njia za hewa za ndani, na kwa sababu ya wepesi wake huelea hewani muda mrefu baada ya mashine kuzimwa. Ndiyo maana mwanagenzi anayefagia jioni, mashine zikiwa kimya, anaweza kuvuta vumbi jingi kuliko alilovuta mchana.

Kisha kuna mbao zenyewe. Hukunitajia unatumia miti gani, lakini karakana ya milango Lamu haikosi mvule, na wengi hutumia msaji pia. Vumbi la mvule linajulikana kuwasha ngozi, pua na macho, na kwa baadhi ya watu huleta pumu. Pumu ya namna hii haianzi siku ya kwanza. Mwili hulizoea vumbi kwa wiki au miezi, kisha siku moja huanza kulikataa. Na ukishafika hapo, vumbi kidogo ambalo zamani lisingemfanya mtu chochote linatosha kumkosesha usingizi. Akiondolewa mapema kwenye vumbi, ana nafasi nzuri ya kupona. Akiachwa mwaka au miaka miwili, pumu inaweza kubaki naye hata akiacha useremala kabisa. Zaidi ya hayo, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hasa saratani ya ndani ya pua na ya mifuko ya hewa iliyo kandokando yake. Jambo hilo huchukua miaka mingi, na silitaji ili kukutisha. Nalitaja ili usiliweke vumbi katika hesabu ya uchafu wa kawaida.

Barakoa za hospitali hazitoshi. Zilitengenezwa kuzuia matone ya mate ya anayezivaa yasimfikie mgonjwa, na pembeni zina nafasi ambayo vumbi hupita pamoja na pumzi. Inayofaa ni ile inayobana uso pande zote, ya daraja la FFP2 au N95 na kuendelea. Hata hiyo ina sharti lake, nalo ni gumu kwa mji wetu: barakoa ya kubana haishiki sawasawa juu ya ndevu. Fundi wako mkubwa, kama wazee wengi wa Amu, pengine amefuga ndevu zake kwa kufuata sunna, na hakuna haja ya kumtaka azinyoe. Yapo makofia yenye feni ndogo inayosukuma hewa safi mbele ya uso, ambayo hayahitaji kubana, lakini bei yake ni kubwa. Kwa hiyo rudi kwenye kanuni inayotangulia barakoa zote: vumbi lizuiwe pale linapotoka kwenye mashine, kabla halijawa hewa ya watu wote. Barakoa humlinda aliyeivaa peke yake, kwa muda anaoivaa, kama ameivaa vizuri. Mashine ya kufyonza vumbi iliyounganishwa na mashine ya msasa humlinda fundi, mwanagenzi, mteja aliyekuja kutazama kitanda chake na jirani wa dirisha la pili.

Mengi yanategemea pia upepo, na hapa pwani tuna bahati ya kuujua. Karakana iliyofunguliwa baada ya Maulidi imejua msimu mmoja, au mmoja na nusu. Meza ya msasa uliyoiweka vizuri wakati wa kaskazi itakuwa mahali pabaya kusi ikiingia, kwa sababu upepo utageuka na kuyarudisha mavumbi ndani. Mafundi wengi husimama upepo ukiwapiga mgongoni, wakidhani wameokoka. Kumbe mwili wa mtu hukata upepo kama nguzo ya gati inavyokata maji, na mbele yake hujitokeza mzunguko mdogo unaorudisha vumbi usoni. Upepo upite ubavuni, kutoka bega moja hadi jingine, na meza iweze kuhamishwa misimu ikibadilika. Na pale vumbi linapokwenda pasiwe dirisha la mtu. Vichochoro vya Langoni ni vyembamba, na jirani ana haki yake pia. Mwisho wa siku msifagie kwa ufagio mkavu wala msipulize kwa hewa ya kompresa. Fyonzeni, au nyunyizeni maji kidogo kwanza.

Kuhusu mzee mwenyewe, mwondoe leo kwenye randa ya umeme na msasa, na umweke kwenye kuchonga kwa patasi mbali na mashine, bila kumpunguzia ujira. Mpeleke hospitali ya King Fahd, na umpe daktari karatasi yenye majina ya mbao mnazotumia, mashine zilizopo, tarehe randa ya umeme ilipoletwa, na maelezo ya Faza kama ulivyoniandikia mimi. Daktari asiyeambiwa habari za kazi atatibu kikohozi kama kikohozi kingine chochote. Daktari akiona kwamba ugonjwa umetokana na kazi, sheria inamtaka aitaarifu Kurugenzi ya Huduma za Usalama na Afya Kazini, ambayo watu huiita DOSHS. Usiogope taarifa hiyo, wala usimwombe daktari aifiche, kwa maana magonjwa ya kazini yamo katika fidia anayostahili mfanyakazi sawa na majeraha. Na akianza kupumua kwa mluzi, au kifua kikambana hata maneno yakamkatika, hiyo ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Sasa nije kwenye sheria. Wenzako wamekosea, ingawa naelewa wamelitoa wapi kosa lao. Zamani Kenya ilikuwa na Sheria ya Viwanda na Mahali Pengine pa Kazi, na neno viwanda katika jina lake lilimfanya mwenye duka au karakana ndogo aone kwamba haimhusu. Mwaka 2007 ilifutwa, ikaja Sheria ya Usalama na Afya Kazini, na hii mpya inagusa mahali popote ambapo mtu yuko kazini, kwa muda au kwa kudumu. Haikusema watu kumi, wala haikusema Mombasa. Kwa hiyo wajibu wako ulianza siku fundi wa kwanza alipoingia na begi lake la zana. Wajibu huo ni kuhakikisha usalama, afya na ustawi wa kila anayefanya kazi hapo: mashine zisizodhuru, mafunzo na usimamizi, njia salama ya kuingia na kutoka, na vifaa vya kujikinga kwa gharama yako. Wageni wanaoingia karakanani nao hawakuachwa nje. Wafanyakazi wana sehemu yao: kuvitumia vifaa hivyo, kutoviharibu, na kukujulisha wakiona hatari. Akikujulisha, ni marufuku kumwadhibu kwa kusema.

Leseni ya kaunti ni ruhusa ya kufanya biashara na haichukui nafasi ya usajili wa mahali pa kazi. Sheria ya 2007 inataka mahali pa kazi pasajiliwe na DOSHS kabla hapajaanza kutumika. Wewe umekwisha kuanza, na ushauri wangu ni upeleke maombi sasa, ukiandika tarehe ya kweli uliyoanza. Nimeona waajiri waliorudisha nyuma au kusogeza mbele tarehe ili waonekane wema, na jambo hilo huwa baya zaidi siku ya uchunguzi wa ajali, kwa sababu fundi, mteja na stakabadhi za umeme zote hutaja tarehe ya kweli.

Ile karatasi ya saini ichane. Najua hukuiandika kwa ubaya. Watu wengi wanayo, na wengine hunakiliana. Lakini wajibu uliowekwa na Bunge hauwezi kusamehewa na mfanyakazi, hasa mfanyakazi aliyetia saini kwa kuogopa kukosa kazi. Mahakamani haitakukinga, na inaweza kukuumiza, kwa sababu inaonyesha kwamba uliijua hatari ukachagua kuihamishia kwa mtu mwingine badala ya kuiondoa. Tena huwafundisha mafundi kuficha. Anayeamini kwamba ajali ni juu yake hatakwambia kwamba kifuniko cha msumeno kimelegea.

SHA nayo isikuchanganye. Bima ya afya hulipia matibabu kwa mujibu wa taratibu zake, lakini haimlipi fidia mtu aliyekatika vidole. Hilo ni la Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, maarufu kwa jina la WIBA, ambayo Mahakama ya Juu iliithibitisha mwaka 2019 baada ya kesi ya miaka mingi. WIBA inamtaka kila mwajiri awe na bima ya kufidia wafanyakazi wake, kutoka kampuni iliyoidhinishwa. Fidia ya ulemavu wa kudumu huhesabiwa kutokana na mapato ya miezi 96, kwa kadiri ya asilimia ya ulemavu, na akifariki mfanyakazi, wanaomtegemea hustahiki mapato ya miezi hiyo 96. Chukua mapato ya fundi wako wa kawaida kwa mwezi, zidisha, uone kama karakana yako inaweza kuubeba mzigo huo bila bima. Wala usitegemee kwamba kwa kuwa unawalipa kwa kipande si wafanyakazi wako. Sheria ya Ajira inatambua kazi ya kipande kama njia mojawapo ya kumlipa mfanyakazi. Kinachotazamwa ni nani anayetoa kazi, mahali na zana, na nani anayesema mlango uwe wa namna gani. Unapokwenda kwa wakala wa bima, wataje wote sita, pamoja na wanagenzi, na useme wazi kwamba kuna mashine za mbao. Bima iliyokatwa kwa jina la duka la samani inaweza kuleta ubishi siku ya dai.

Huyo kijana wa vyeti amechanganya kweli na biashara yake. Ni kweli kwamba unahitaji usajili, na ni kweli kwamba sheria inataka ukaguzi wa usalama na afya ufanywe angalau mara moja kila miezi 12 na mshauri aliyesajiliwa na Mkurugenzi wa DOSHS. Kwa hiyo mwombe kwa upole hati yake ya usajili wa mwaka huu, kisha uulize ofisi ya afisa wa usalama na afya kazini anayesimamia eneo lako kama jina hilo wanalijua. Ada za serikali hulipwa kupitia mfumo wa serikali nawe ukapata stakabadhi. Haziendi kwenye namba ya simu ya mtu. Na mkaguzi asiyetaka kuja karakanani kuona msumeno anauza karatasi tupu. Akikwambia pia kwamba lazima uwalipie mafunzo ya kamati ya usalama, mwambie kwamba kamati inatakiwa pale penye wafanyakazi 20 au zaidi, nawe una sita.

Kuna kazi moja ya sheria ambayo huna haja ya kumlipa mtu aifanye, nayo mimi huipenda kuliko zote: tathmini ya hatari. Chukua daftari, kaa na mafundi wako saa moja, mfuate ubao tangu unapoteremshwa mashuani mpaka unapokuwa mlango. Nani anaubeba, na mgongo wake u hali gani? Nani anaupasua, na mkono wake unapita wapi? Nani anaupaka vanishi, na dirisha liko wapi? Kila mahali andikeni kinachoweza kumdhuru mtu, mmefanya nini, na bado kuna nini. Sheria inataka nakala ya tathmini hiyo ipelekwe kwa afisa wa eneo. Iandikeni kwa Kiswahili mnachokielewa, kwa maana daftari ambalo fundi hawezi kulisoma halitamwokoa.

Nikikisia mtakachokiona, msumeno wa duara utakuja juu kabisa. Hatari yake ni mbili, na watu huifikiria moja tu. Ya kwanza ni meno. Ya pili ni kurushwa kwa ubao: mbao mbichi au zenye mkazo ndani hujifunga nyuma ya meno baada ya kupasuliwa, meno ya nyuma, yanayopanda juu, huudaka ubao, na huutupa kuelekea kifua cha fundi kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata, na mkono uliokuwa ukiusukuma hubaki bila kitu cha kuegemea, ukaangukia meno. Kipande cha chuma kinachosimama wima nyuma ya meno huzuia ubao kujifunga, na kifuniko cha juu huzuia mkono. Vyote viwili huja na mashine, na vyote viwili ndivyo vinavyofunguliwa kwanza. Niliwahi kufika karakana moja, sitaitaja, ambako kifuniko kilikuwa kimening'inizwa ukutani kama pambo, kwa sababu kilizuia kupasua fito nyembamba. Kijana aliyekuwa akipasua fito hizo alikuwa amepoteza vidole viwili wiki iliyotangulia. Alikuwa na miaka 19, na alitaka kuwa mchongaji. Tangu siku hiyo sikubali hoja ya kwamba kifuniko kinachelewesha kazi. Kwa fito nyembamba tumieni kijiti cha kusukumia, au pasueni kwa msumeno wa mkono.

Huyo mwanagenzi wa miaka kumi na sita asiguse mashine hata moja. Kwa sheria za Kenya bado ni mtoto, na mtoto hapewi kazi ya hatari. Mfundishe kuchora nakshi, kunoa patasi na kuzijua mbao. Huko ndiko kuchonga kwa Amu kulikoanzia, na atafika miaka kumi na minane akiwa na mkono uliokamilika.

Kelele hupimwa kwa kipimo cha desibeli. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 zinakataza mtu kukaa kwenye kelele inayozidi wastani wa desibeli 90 kwa saa nane, na zinataka mpango wa kulinda masikio ikianza kuzidi 85. Kama huna kipimo, simama umbali wa mkono mmoja na mwenzako: ukilazimika kupaza sauti ili akusikie, mmefika au mmekaribia hizo 85. Wape vizibo au vifuniko vya masikio, na wapokezane mashine.

Moto unahitaji maneno zaidi, kwa sababu ya mahali ulipo. Mji wa kale wa Lamu una nyumba zilizobanana, paa nyingine za makuti si mbali, na vichochoro ambavyo gari la zimamoto haliwezi kupenya. Moto wa karakana yako utakuwa moto wa mtaa. Vanishi na thina ziwekwe nje ya chumba cha mashine, kwenye kabati la chuma lenye hewa, na akiba ya siku moja tu ndiyo iingie ndani. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni kama maji yanavyotafuta bonde, na unaweza kufika kwenye jiko la makaa la kahawa lililo pembeni ya mlango kabla pua ya mtu haijaunusa. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani visirundikwe, kwa kuwa mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na rundo lililobanwa linaweza kujiwasha lenyewe usiku. Vitandazeni juani mpaka vikauke, au vitieni kwenye ndoo ya maji yenye kifuniko. Milango isifungwe kwa kufuli watu wakiwa ndani. Na mwite fundi umeme mwenye leseni akague nyaya pamoja na waya wa ardhi, ule wa "earth", kwa sababu hewa ya chumvi hula viungio vya shaba, na akuwekee swichi inayokata umeme unaovuja, ya miliampea 30. Hilo usilifanye mwenyewe, hata kama unajua kuunga waya.

Sasa zile 80,000. Kusema kweli hazitoshi kwa yote, na anayekwambia zinatosha hakutakii mema. Mimi ningezitumia kwanza kwa bima ya WIBA na usajili, kwa sababu hivyo viwili havina kitu cha kuvishikia nafasi. Kilichobaki ningekitia kwenye mashine ya kufyonza yenye chujio la vumbi jembamba, iunganishwe na mashine ya msasa peke yake, kwa kuwa hiyo ndiyo inayotoa vumbi baya zaidi. Randa ya umeme ningeisimamisha kwa mvule mpaka pesa nyingine zipatikane, au niitoe nje ya mji, upande wa mashamba, ifanye kazi mahali pa wazi siku mbili kwa wiki. Najua hilo ni gharama ya punda na muda, na wateja watalalamika. Unaweza pia kupeleka mbao zirandwe kwenye karakana nyingine, lakini tazama kwanza kama wao wanafyonza vumbi. Wasipofanya hivyo, umelihamishia kifua cha mtu mwingine. Ukaguzi wa mshauri uache mpaka uwe umetengeneza yale unayoyaona wewe mwenyewe, ila usipitishe mwaka.

Mwisho, panga safari ya majeruhi kabla hajapatikana. Mchana, mtu wa Langoni hufikishwa hospitali kwa machela na mikono minne. Je, usiku mvua ikinyesha? Andikeni ukutani namba za simu za hospitali na za nahodha mmoja au wawili wa kuaminika, ikiwa majeruhi atahitaji kuvushwa Mokowe, upande wa bara. Sanduku la huduma ya kwanza liwe na bandeji pana za kutosha, na mmoja wenu, hata wawili, wapate mafunzo. Damu ikimwagika sana, bonyeza jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi bila kuachia kila mara ili kutazama. Kidole kikikatika, kifungeni kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kitieni kwenye mfuko wa plastiki usioingiza maji, na mfuko huo ndio ukae juu ya barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu. Ajali ikimjeruhi mtu, taarifa ya maandishi imfikie afisa wa eneo ndani ya siku saba. Ikiwa ni kifo, ajulishwe ndani ya saa 24, na mahali pa ajali pasiguswe.

Ukimaliza kusoma, mpigie simu mzee umuulize amelalaje. Akikwambia hakulala, msingoje Ijumaa ipite. Nendeni kesho asubuhi, na ile karatasi ya majina ya mbao iwe mfukoni.